Pete Mbili kwenye Lango la Jauhari

Alitawala zamani, katika mji wa Jauhari, Sultani Mudhafari bin Ghalibu, mwenye majeshi na hazina na jini aliyefungwa kulinda lango, na kila raia wake alivishwa pete ya akiki, na kwa pete hiyo jini alimtambua mwenyeji na mgeni.

Na katika raia hao alikuwamo Zuwena binti Khatwabi, mfuma mazulia, aliyeolewa nchi ya Kafuri ng'ambo ya jangwa, akazaa huko, na watu wa Kafuri wakamvisha pete yao ya feruzi ili akae na mumewe na mwanawe kwa amani. Pete mbili, mkono mmoja, wala hakuna aliyedhurika. Lakini wivu wa wafalme, mtihani! Sultani aliamka siku moja kanuna, akatoa amri: mwenye pete ya nchi nyingine asipite langoni mwake.

Zuwena hakuwa na habari. Alikuja mbio kwa kuwa mama yake, Bi Tufaha, alikuwa mahututi, naye ndiye mwanawe wa pekee.

"Rudi ulikotoka," jini akanguruma.

"Ewe mlinzi, nimezaliwa nyumba ile yenye mlango wa buluu. Mama yangu anakata roho!"

"Mimi ni mtumwa wa amri, binti. Vua ya feruzi, upite."

Zuwena akaishika pete. Akiivua, Kafuri hawatampokea tena, na mwanawe aliyemwacha huko hajaacha ziwa. Akashindwa kuivua na akashindwa kuondoka, akaangua kilio.

Kilio kikamfikia Bi Tufaha kitandani. "Nibebeni," akawaambia majirani. "Ikiwa mwanangu hawezi kuingia, mimi naweza kutoka."

Wakambeba na kitanda chake, akavuka lango, akalaza kichwa mapajani pa Zuwena, akasema, "Umekonda, mama," na roho ikamtoka. Zuwena akamwosha palepale, nyuma ya kanga walizoshika majirani, huku analia.

Na ilikuwa desturi ya Jauhari kwamba Sultani hutangulia jeneza la kila raia. Basi akatoka, wakamzika Bi Tufaha nje ya ukuta, na aliporudi jini akamzuia.

"Bwana wangu, hiyo pete ya zumaridi ni ya nchi gani?"

"Ya Marijani, alikotoka marehemu mama yangu. Alinivisha mwenyewe."

"Basi rudi ulikotoka."

"Hunijui? Mimi ndiye niliyetoa amri!"

"Nakujua, ewe Sultani wa zama. Amri haikusema isipokuwa wewe."

Jamani, watu waliinamisha vichwa. Sultani akaigusa pete ya mama yake, asiweze kuivua, akamtazama Zuwena aliyekaa kando ya kaburi, akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

"Amri yangu nimeifuta," akasema, "kwangu, na kwa huyu, na kwa kila mwenzetu aliye mbali."

Na matanga yalipoanuliwa akamjazia Zuwena dhahabu na hariri, akatuma msafara umlete mumewe na mwanawe kwa ngoma na heshima, na ndoa yao ikasherehekewa upya kasrini.

Lakini siku ile ya maziko Zuwena alipita langoni peke yake na pete zake mbili, akaenda mpaka kwenye mlango wa buluu, akapiga hodi kwa mazoea, akasimama akingoja kuitikiwa. Mwenye kutunga amri na aikumbuke hodi ile.