Mjukuu wa Mwanzilishi wa Ihalula

Mji mdogo wa Ihalula ulikuwa mawe matupu, isipokuwa tambarare moja tu, shamba la alizeti la Diwani Lugendo. Siku Mkuu wa Wilaya alipotangaza ziara, diwani alimvamia Nyamizi, karani wa mji, ofisini kwake.

"Andika historia ya mji. Babu yangu ndiye aliyelifyeka pori hili!"

"Mheshimiwa, si alikuja mji umeshajengwa?"

"Kazi unaitaka, huitaki?"

"Naandika, mheshimiwa. Na kimila, ukoo wa mwanzilishi hunywa kata ya kwanza ya pombe. Niiweke?"

"Iweke!"

Siku ya ziara Nyamizi aliisoma historia hadharani. Watu waliguna, lakini diwani aliimaliza kata yote kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo umeupokea uanzilishi, mheshimiwa?"

"Nimeupokea, mbele ya Mkuu wa Wilaya!"

Nyamizi akafunua ukurasa wa pili.

"Na aliyekunywa kata ya kwanza ndiye hutoa kiwanja mji unapohitaji. Zahanati tumeikosa miaka tisa kwa kukosa tambarare."

Mkuu wa Wilaya akawa wa kwanza kupiga makofi. Povu halijamkauka diwani mdomoni, wapimaji wa ardhi walikuwa tayari kwenye alizeti zake.