Jina la Aliyezuia Gari Lisizime

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, lori la mbao lilipinduka kwenye kona ya juu ya mlima Kitonga. Magari yakasimama pande zote mbili. Katika foleni ya wanaopanda lilikuwamo gari moja kuukuu la kabureta, na ndani yake mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Wajueni kwanza waliokuwamo, ndipo mtakapoweza kuhukumu.

Mwenye gari na dereva wake alikuwa Odilo. Kipaji chake kilikuwa mguu wa kulia. Alijifunzia udereva kwenye malori, na aliweza kukanyaga breki kwa vidole na mafuta kwa kisigino, kwa wakati mmoja, bila gari kushtuka.

Kando yake alikaa Vitus, mwalimu wa kwaya, aliyeomba lifti. Kipaji chake kilikuwa sikio. Kwaya nzima ikiimba, humjua anayepotea hata kama amejificha safu ya nyuma.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Eusebia, mwonjaji wa chai, akirudi kazini Mufindi. Kipaji chake kilikuwa pua. Akinusa kikombe, hukwambia kama majani yalikaushwa siku ya mvua.

Redemta, mama mwenye uchungu, alilala na kichwa chake kwenye mapaja ya Eusebia. Mumewe Gaudensi, mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, alijikunja nyuma kabisa pamoja na mizigo. Yeye hakuwa na kipaji chochote cha kusaidia siku hiyo, na alilijua hilo. Kwenye zahanati walikotoka walikuwa wameambiwa mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji Iringa. Pikipiki zilipenya kando ya foleni, lakini Redemta hakuweza hata kukaa.

Gari nalo lilikuwa na ugonjwa wake. Likitembea lilikwenda vizuri. Likisimama, sailensa, yaani ule mngurumo wa injini dereva anapotoa mguu kwenye mafuta, ilipanda na kushuka, gari zima likatetemeka, kisha likazima. Wiki mbili kabla ya hapo Odilo alichukua bisibisi, akakaza skrubu ya kabureta na kupandisha sailensa mpaka gari likatulia. Hakutafuta sababu. Wengi hufanya hivyo. Sasa ugonjwa ulikuwa umerudi, betri imechoka, na lori la mafuta limesimama karibu kugusa bampa la nyuma. Gari likizima halitawaka, na hapakuwa na nafasi ya kulisukuma.

Injini ilipokohoa mara ya kwanza, sauti ya Gaudensi ilitoka kwenye mizigo.

"Jamani, atakayefanya gari hili lisizime mpaka tufike, mtoto huyu atachukua jina lake. Namwapia Mungu."

Wote walisikia. Kwao, mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo huwa somo wake. Atamshika kwenye ubatizo, atamsindikiza siku ya ndoa, na hakuna mwingine atakayekaa kwenye nafasi hiyo.

Odilo alitumia mguu wake. Breki ya mkono haikushika mlimani, kwa hiyo alikanyaga breki kwa vidole ili gari lisirudi nyuma, na mafuta kwa kisigino ili injini isife. Sailensa iliposhuka alibonyeza, ilipopanda alilegeza. Foleni haikusogea. Jua lilipofika katikati, paja lake lilikuwa linaruka lenyewe, na mshale wa joto la injini ulikuwa unapanda. Alisema amebakiza kidogo, halafu mguu hautamsikia tena.

Vitus alitumia sikio lake. Alishuka, akafungua boneti, akainama juu ya injini iliyokuwa inanguruma. Alisema hapo waimbaji ni wanne, yaani silinda nne za injini, lakini yeye anamsikia wa tano, anapiga mluzi. Akaufuata mluzi huo kwa kidole hadi chini ya kabureta, kwenye mpira mwembamba wa hewa uliopasuka penye kona yake. Alipoubana, mngurumo ulibadilika. Akafungua utepe wa tairi uliofunga mizigo juu ya gari, akauzungushia kwenye ufa na kuukaza. Mluzi ukakoma. Odilo akainua kisigino, na injini ikaendelea kunguruma yenyewe.

Ilidumu kwa muda mfupi tu.

Eusebia alitumia pua yake. Kabla yeyote hajaona moshi, alisema petroli inamwagika. Vitus akamwambia kila gari la zamani linanuka petroli, dada. Eusebia akajibu kwamba hii haijaungua, ni mbichi. Akamlaza Redemta taratibu, akashuka na kuifuata harufu. Nje ya kabureta palikuwa pamelowa, na matone yalikuwa yanaanguka karibu na bomba la moshi lenye moto. Moshi mweusi ukaanza kutoka nyuma. Odilo, ambaye kisigino chake kilikuwa kimerudi kwenye mafuta, alipaza sauti kwamba kifungio cha petroli ndani ya kabureta kimenasa, agonge kikombe cha kabureta kwa mpini wa spana, polepole. Eusebia akagonga, akanusa, akagonga tena upande mwingine. Petroli ikaacha kumwagika. Mngurumo ukawa laini.

Njia moja ilifunguliwa muda mfupi baadaye. Gari lilisimama mara nyingi kabla ya kufika juu, na halikuzima. Redemta alifanyiwa upasuaji saa kumi alasiri. Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo, asiyelia kwa nguvu.

Jumamosi walikutana kwenye baraza la hospitali, na Gaudensi akawaambia nadhiri yake iko palepale.

"Bila mguu wangu mngefungua boneti ya gari lililokufa," Odilo alisema. "Mngemtibu maiti."

"Mguu wako ulificha ugonjwa, kama bisibisi yako," Vitus alisema. "Mimi ndiye niliyeuona."

Eusebia alicheka. "Wewe mwalimu ulilitibu likaanza kunywa petroli kama mlevi wa ulanzi. Ningekuwa sina pua tungeungua wote."

Vitus alisema hakuileta petroli ile. Hewa iliyoingia kwenye ufa ilikuwa inaificha petroli iliyozidi, na ufa ulipozibwa ikajitokeza. Odilo akamuuliza Eusebia nani alimwonyesha pa kugonga. Eusebia akamwambia, kaka Odilo, kama ulijua mbona hukusema tangu asubuhi?

Gaudensi aliuliza kama mtoto anaweza kubeba majina yote matatu. Walikataa wote, na hapo tu ndipo walipokubaliana. Basi akaenda kumuuliza mkewe.

"Mimi sikuona mguu wala mpira," Redemta alisema. "Nilikuwa naisikiliza injini. Kila ilipotaka kuzima nilidhani ni mimi. Aliyeapa ni wewe."

Usiku huo hali ya mtoto ilishuka. Daktari alisema wamefanya waliloweza, sasa ni kungoja. Padri aliitwa wodini Jumapili asubuhi ili mtoto abatizwe bila kuchelewa. Odilo, Vitus na Eusebia walisimama upande mmoja wa kitanda. Jina la kila mmoja wao lingeweza kugeuzwa kuwa la kike: Odilia, Vita, Eusebia.

Padri aliinua kikombe cha maji, akauliza jina la mtoto. Gaudensi aliwatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine. Padri akauliza mara ya pili.

Nanyi mnaosikiliza, maji yako tayari na mtoto anapumua kwa shida: mngetaja jina la nani?