Likizo ya Jasusi

Hadi leo hatujajua kwa nini Jasusi, mbwa mkali wa tajiri wa mbao Mzee Mwasaga, alimtii mlinzi Ambakisye peke yake.

Mwisho wa mwezi mshahara wa Ambakisye ulipungua.

"Bosi, makato haya ya nini?"

"Chakula cha mbwa. Si anakusaidia wewe kazi?"

"Kwa hiyo mwajiri wake ni mimi?"

"Ni wewe! Usinichoshe."

"Asante, bosi."

Jioni Mzee Mwasaga alikuta banda tupu.

"Mbwa yuko wapi?"

"Nimempa likizo yenye malipo. Yuko kwangu, amelala."

"Na wezi je?"

"Labda umwajiri wewe, bosi."

Ikaamuliwa makato yafutwe na yaliyokatwa yarudishwe. Aliyezihesabu noti ni mke wa bosi, huku akicheka waziwazi.