Mtemi Aliyeitwa Ndugu na Ndege

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa motoni. Wewe unayekaanga bisi, epua kwanza, zisije zikawarukia wenzako masikioni. Na nyinyi huko nyuma acheni kufinyana. Nyamazeni mpaka tusikie kuni zinavyosema. Hadithi ni kama kuku mgeni, ukimpigia kelele haingii bandani.

Haya. Kaleee.

Ilikuwepo.

Kale ya nani?

Ya waliotuzaa.

Wametuachia nini?

Masikio.

Basi yatumieni.

Hapo kale, wakati wanyama wangali wanaona haya kusema uongo, palikuwa na nchi kavu, nchi ya mtama. Mahindi hawakuyajua, mpunga waliusikia kwa wapita njia. Mtama ndio ugali, mtama ndio uji, mtama ndio pombe ya harusi na ya matanga. Mfalme wa nchi hiyo walimwita mtemi, na mtemi wa siku hizo aliitwa Ndahani.

Ndahani alikuwa mtu mwema. Nasema mwema, msije mkasema bibi kamsengenya marehemu. Hakupiga mtu, hakutukana mtu, hakutamani mke wa mtu. Lakini hakulima. Mtemi halimi, ndiyo ilikuwa desturi yao. Mtemi haguswi na jua, hashiki jembe, hashiki mwiko. Mtemi analishwa na nchi.

Analishwa vipi? Kila nyumba ilikuwa na kibuyu kimetundikwa mlangoni. Mama akitaka kutwanga, kabla hajatia mtama kinuni, alichota konzi moja, ngumi moja tu, akaitia kibuyuni iwe ya mtemi. Leo konzi, kesho konzi, keshokutwa konzi. Na kila akitia, alisema yale aliyofundishwa na mama yake: "Konzi moja haiui mtu."

Kibuyu kikijaa, alikuja Chiwanga, mtunza ghala la mtemi. Chiwanga alikuwa na kiganja kipana kama ungo. Akichungulia kibuyuni akaona pamepungua, hakugombana. Aliingia ndani akajichotea konzi nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba akasema konzi moja haiui mtu, lakini jicho liko kwenye ule mkono.

Na mtemi naye kazi yake nini? Kila alfajiri alipanda kiti chake. Kiti kirefu, cha nguzo nne, kinapandwa kwa ngazi, nacho kimewekwa ndani ya nyumba kubwa yenye dirisha moja dogo. Juu ya kiti pana mto wa ngozi, na juu ya mto pana kombeo la kale. Mtemi alilipaka mafuta, akalirudisha mtoni. Kisha akageukia ukuta, akapiga ukelele waliopiga baba zake: "Hoyaaa, hoya, hoya, hooo." Nchi nzima ikajua kumekucha. Ukiuliza kiti kirefu cha nini, kombeo la nini, ukelele wa nini, uliambiwa hiyo ndiyo enzi. Ukiuliza enzi ni nini, uliambiwa una mdomo.

Ikawa mwaka mmoja mtama umechanua vizuri, mashuke yameinama kwa uzito. Wakaja kwelea kwelea. Ndege wadogo hawa, mmoja hajazi kiganja, lakini walikuja kama moshi wa nyika inayoungua. Wakitua, shamba linabadilika rangi. Wakiruka, shamba limebaki mabua. Watu wakapanda madungu yao, vile vichanja virefu vya kulindia shamba, wakarusha tope, wakagonga vigae, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Ndege wanatoka kwa huyu wanatua kwa yule. Na jioni, katika kile kidogo kilichobaki, konzi ya mtemi ikatoka.

Hapo watu wakaanza kusemezana barazani.

Mzee mmoja akasema, "Mtemi ni heshima yetu. Boma lisilo na jogoo ni boma gani? Jogoo hatagi, lakini nani anamfukuza?"

Mfinyanzi mmoja mwanamke akamjibu, "Jogoo wangu mimi, baba, anajichakuria funza mwenyewe. Sijamtafunia hata siku moja."

"Wageni wakija tutawaambia hatuna mtemi?"

"Tuwaambie tuna njaa. Hiyo hata bila kuambiwa wataiona."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwisho wakapatana hivi. Siku ya kumaliza mavuno kila nyumba italeta kibuyu chake barazani. Vibuyu vikisimamishwa vingi, mtemi ataendelea kulishwa. Vikifudikizwa vingi, mtemi ashike jembe ajilishe kama watu, ama aiache enzi.

Chiwanga akazipeleka habari. Ndahani akauma mdomo. Akasema, "Chiwanga, mimi nimewakosea nini?"

"Hujawakosea kitu, Baba Mtemi. Ni njaa tu inasema."

Ndahani akalishika hilo. Ni njaa tu inasema.

Kesho yake alfajiri, ukelele umekwisha kupigwa, kwelea mmoja akatua dirishani. Kashiba mpaka mabawa hayakunjiki.

"Shikamoo, ndugu yetu mkubwa."

"Marahaba," akaitikia mtemi, maana salamu ni salamu. Kisha akashtuka. "Undugu wako na mimi umetoka wapi?"

"Tumboni," akasema ndege, akaruka zake.

Mtemi akacheka peke yake.

Siku ya pili ndege akarudi. "Shikamoo, ndugu yetu mkubwa."

"Mimi si ndugu yako. Wewe ni mwizi."

"Jana nimekula kwa Mbeleje, yule mjane wa bondeni. Nawe umekula kwa Mbeleje. Mimi sikulima, nawe hukulima. Mimi alinitupia tope, wewe alikutilia kibuyuni. Hapo ndipo tunapoachana, ndugu yangu, na kuachana huko si kwa damu."

Mtemi hakucheka.

Siku ya tatu ndege akarudi. "Shikamoo, ndugu yetu mkubwa."

Mtemi akageukia ukuta.

"Usipoitikia si neno. Nimetumwa nilete shukrani. Kila jioni tukitua miibani kulala, sisi sote tunakuombea umri mrefu."

"Nyinyi mniombee mimi? Kwa wema gani?"

"Babu ya babu yako hatukumwombea hata kidogo. Hicho kiti unachokikalia kilikuwa katikati ya mashamba, ndilo dungu lake. Alikaa juu yake juani, tangu mtama kuchanua mpaka kuvunwa, kombeo mkononi, analinda nchi nzima. Ukelele huo unaouambia ukuta, yeye alituambia sisi. Watu wakamlisha kwa kuwa hana nafasi ya kulima. Halafu mvua ikamnyeshea, wakamwonea huruma, wakamjengea paa. Mwanawe akaongeza kuta. Mjukuu akaongeza mlango. Tangu hapo sisi tunakula vizuri. Mungu akuweke, ndugu yetu."

Ndege akaenda. Ndahani akabaki huko juu, masikio yanawaka moto. Watu wako wanakunung'unikia, na adui wa watu wako anakuombea dua. Kuna aibu inayozidi hiyo? Akatazama kombeo alilolipaka mafuta maisha yake yote kama mtoto mchanga. Akatazama ukuta. Ule ukuta ulikuwa na alama nyeusi pale alipozoea kuupumulia.

Akashuka ngazi, akachukua kombeo, akaenda mlangoni. Chiwanga akamzuia. "Baba Mtemi, mtemi kuonekana juani ni aibu."

"Aibu iko humu ndani, Chiwanga. Huko nje kuna jua tu."

Akatoka, akateremka mpaka bondeni kwa Mbeleje. Njiani hakuna aliyemjua. Watu walizoea kumwona gizani, juu ya kiti, sura haionekani.

Mbeleje alikuwa juu ya dungu lake la vijiti, anarusha tope, sauti imemkauka inatoka kama mlango mbovu.

"Hodi shambani," akasema Ndahani.

"Karibu, baba. Una mikono, au na wewe umekuja kula?"

Neno lile likamchoma, ingawa mwanamke alilitupa kwa mzaha. "Nina kombeo," akasema.

Mbeleje akalitazama. "Hilo kombeo limesingwa kama bibi harusi. Haya, lirushe."

Akarusha. Jiwe likaenda nyuma, likavunja mtungi wa maji.

"Ndege wako mbele, baba."

Akarusha tena. Jiwe likamwangukia mguuni mwenyewe.

"Hapo umepunguza umbali."

Akarusha mara ya tatu. Jiwe likaenda juu, likaenda juu, mpaka leo hatujasikia limeanguka wapi. Watoto wa Mbeleje wakacheka mpaka wakakaa chini, na mgeni akatamani ardhi immeze.

Mchana mama akashuka kupika, nyumba yake iko pale pale kando ya shamba. Akafunua kikapu, mtama uko chini kabisa. Akachota konzi, akaitia kibuyuni. "Konzi moja haiui mtu," akasema kwa ile sauti mbovu. Uliobaki akautwanga, akakoroga uji, akaongeza maji, akaongeza maji, mpaka watoto wakawa wanajiona nyuso zao ndani ya chungu. Mgeni akapakuliwa wa kwanza, kama ilivyo adabu.

"Mama," akasema Ndahani, "kwa nini usiiache konzi hiyo leo?"

"Akija Chiwanga atachota kwa mkono wake. Ule si mkono, ni jembe. Afadhali wangu."

"Na mtemi anajua?"

"Mtemi ni mtu mwema, wanasema. Kunywa, baba, uji unapoa."

Akanywa. Maghala yamejaa konzi nyumbani kwake, na hakuwahi kuonja hata moja akijua imetoka kwa nani. Akainamisha kichwa ili watoto wasimwone macho.

Mara nje kukawa giza. Kwelea wamekuja tena, wingu zima. Mbeleje akakimbilia dunguni, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akafungua tena, haikutoka. Akageuka na machozi yanamtiririka. Shamba hilo likienda, hakuna mbegu, na bila mbegu mwakani hakuna Mbeleje.

Ndahani hakufikiri. Alipanda lile dungu la vijiti, likayumba. Akageuza uso shambani, si ukutani, akapiga ukelele wa baba zake:

"Hoyaaa, hoya, hoya, hooo."

Wingu likainuka lote kwa pamoja, likapinda, likakimbilia nyikani. Hata suke moja halikuguswa tena siku ile.

Watu wakasimama kwenye madungu yao, wote wanatazama upande mmoja. Sauti ile waliijua tangu matumboni mwa mama zao.

Mbeleje naye akaijua. Hakupiga magoti. Aliangalia kibuyu kilichoning'inia mlangoni, akaangalia bakuli alilonywea mgeni, akasema polepole, "Kumbe ni wewe. Basi leo nimekulisha mara mbili."

Wajukuu zangu, mtu anaweza kupigwa fimbo akasahau. Neno lile Ndahani hakulisahau mpaka anaingia kaburini. Alishuka, akaenda dungu la jirani, na kutoka hapo la jirani wa jirani, akapiga ukelele mpaka mavuno yakaisha. Watu walimwachia njia, lakini hawakumsemesha, naye hakuwalaumu.

Siku ya vibuyu ikafika. Akaja barazani kwa miguu, jua limembabua pua, mguu umevimba kwa jiwe lake mwenyewe. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Nilidhani mnanilisha kwa kuwa mimi ni mtemi. Kumbe mlimlisha babu kwa kuwa alilinda. Nimekula kazi ambayo sikuifanya, nikawaachia ndege chakula chenu. Ghala nimelifungua, kila mtu achukue mbegu. Sasa fanyeni mnavyoona."

Akakaa chini mavumbini, uso magotini. Hakutaka kuhesabu.

Vibuyu vikawekwa. Vingine vilisimamishwa, vingine vilifudikizwa, wala huwezi kusema vipi vimezidi. Mbeleje akaja wa mwisho. Hakukisimamisha chake, hakukifudikiza. Alikilaza ubavu.

"Hiyo maana yake nini, mama?" akaulizwa.

"Sijui bado. Mwaka huu ajilimie cha kula, na alinde. Akilinda, tutaonana mavuno yajayo, nami nitatia kwa mkono wangu, si kwa mkono wa mtu mwingine. Akilala, tusijuane."

Mmoja akakilaza chake. Mwingine akakilaza. Na nchi ile ikawa hivyo mpaka leo, wanalaza vibuyu mwaka mzima, wanavisimamisha au kuvifudikiza mtama ukishaingia ndani. Ndahani alijilimia kipande chake. Alikuwa mkulima mbaya sana, mtama wake ulipinda kama mlevi. Kuna miaka alisimamishiwa, na kuna mwaka mmoja alifudikizwa, akala mlenda mtupu bila kusema neno. Na kila alipopewa chakula na mtu, alimwuliza kwanza jina lake.

Ukilishwa na wengi, jua unawalindia nini. Nanyi mnaolisha, msimjengee mlinzi ukuta halafu mkalalamika haoni.

Hadithi imefika mlangoni, nami siifungi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa ngumu, niachieni mimi mwenye meno mawili, nitaimumunya.

Mnauliza nani alirithi nini? Ndahani alipokufa, ile nyumba kubwa waliirithi mbuzi. Kiti kikarudishwa shambani, akakirithi binti yake, Sechelela, kwa kuwa ukelele wake ulivuka korongo. Wanawe wa kiume walirithi majembe, na mmoja alilia. Mkono wa Chiwanga waliurithi wapima nafaka sokoni, mtawatambua. Kwelea walirithi woga wa alfajiri. Watoto wa Mbeleje walirithi kikapu cha mbegu na ulimi wa mama yao. Mimi nilichelewa siku ya kugawa, nikaambiwa kimebaki kikohozi tu. Nikakichukua, ndicho hiki.