Vikombe Arobaini vya Waziri Orkesh

Haki ya Mungu tena, nikiongeza chumvi hata punje nikatwe ulimi! Huko Asia, kinchi kimoja cha milimani kilikuwa na matufaha makubwa kama vichwa vya ng'ombe, yanaoza kwa kukosa daraja la kuyafikisha kwa majirani. Nchi zote jirani zikakaa kikao kupiga kura ya kulijenga. Sheria yao ilikuwa moja: mjumbe mmoja aliyemo ukumbini akikataa, jambo limekufa.

Waziri Orkesh wa nchi kubwa alitaka matufaha yapite getini kwake tu, ayatoze ushuru.

"Sitoki kwenye kiti hiki mpaka daraja life," akasema.

"Kaa, mheshimiwa, nani anakufukuza?" akajibu Wangdi, balozi wa milimani, akimmiminia chai.

Kwa adabu, Orkesh akakimaliza kikombe. Wangdi akajaza. Akamaliza, akajaziwa. Cha arobaini kilipoisha, waziri akatoka mbio kutafuta choo.

Kurudi, akakuta wajumbe wanapeana mikono.

"Daraja limepita, mheshimiwa. Hakuna aliyekataa."

"Umeninywesha makusudi wewe."

"Kwetu mtu akitosheka hukiacha kikombe kimejaa," Wangdi akasema. "Wewe ulikuwa unamaliza, nikajua una kiu."

Sasa jamani, haya yasivuke mlango huu.