Bawa Lenye Shoka

Hapo zamani, si zile za babu yako, za juzi tu simu zilipoanza kupiga picha. Na anayeona naongopa ainuke sasa hivi nimwone urefu wake! Haya. Palikuwa na Mzee Gindu, mfugaji. Ng'ombe arobaini, mbavu nje. Nyasi zilibaki bonde moja tu, na bonde lina inzi. Wakiwa pange, ng'ombe watavumilia. Wakiwa mbung'o, wataugua nagana, wafe.

"Atakayeniambia ni inzi gani, mtamba wangu mwekundu ni wake," akasema Mzee. "Kesho asubuhi nahama."

Sayi, mchungaji wake, akaingia bondeni na simu. Akapiga picha, akaumwa; akapiga, akaumwa. Akarudi mikono imevimba.

Holo, binti wa Mzee, alisomea wadudu. Akachagua picha iliyotoka safi kuliko zote. "Mabawa kayaachanisha kama paa la nyumba. Baba, hii ni familia ya pange. Twende."

Maduhu, kijana wa jirani aliyeikimbia shule darasa la tano, hakutulia. Anakaa, anasimama, anakaa. Asubuhi zizi likafunguliwa, ndipo akaruka mlangoni.

"Simameni! Dada Holo, msomi wetu, umetazama picha moja ukafunga daftari? Mwone huyu pichani, aliyetua kwenye suruali ya Sayi! Mabawa kayalaza moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa."

Holo akaikuza picha, akaikuza tena. "Katikati ya bawa mishipa imechora shoka. Baba, rudisha ng'ombe! Ni mbung'o."

"Mtamba ni wangu," akasema Sayi. "Bila ngozi yangu mngekuza nini?"

"Bila jicho langu mngekuza pange mpaka leo!" akasema Maduhu.

"Jicho lako liliona mkasi," akajibu Holo. "Wapo inzi wengine hulaza mabawa hivyo hivyo. Shoka nani alilijua?"

Mbona mnanitazama hivyo? Basi, kuna kipande nimekiruka. Simu ililala kwa Maduhu. Mkasi ule aliuona tangu jioni, akanyamaza, akingoja watu wajae zizini wamshangilie. Na alipokuwa bado anajitengeneza aruke, ng'ombe sita walishatangulia bondeni. Wawili walikufa.

Nimejuaje? Maduhu ni mimi.

Mtamba angali zizini, hana mwenyewe, na Mzee hajaniuliza kitu. Je, nani alistahili?