Tiara Nyekundu ya Zeyana

Wahenga hawakusema kwamba shari ni kitu chema. Walijua tu kuwa zipo siku ambazo mja hachagulishwi baina ya heri na shari, bali baina ya shari na shari kubwa zaidi, na siku hiyo mwenye akili huichukua iliyo ndogo akaenda nayo nyumbani. Neno hilo ni jepesi kulitamka ukiwa umekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Zeyana binti Mutasim, wa Chumbageni mjini Tanga, alifunzwa maana yake akiwa majini, mkondo ukimvuta miguu.

Zeyana alikuwa mgonjwa wa mchezo wa tiara. Mchezo wenyewe ni huu: mtu husimama juu ya ubao baharini, kiunoni amejifunga mshipi, na mshipi umeunganishwa kwa kamba ndefu na tiara ya kitambaa, kubwa kama paa la kibanda. Upepo ukiishika tiara, ubao huteleza juu ya maji kwa kasi ya kutisha, na fundi wa mchezo huruka juu hata watazamaji wakasahau kufumba midomo. Tiara yake ilikuwa nyekundu. Aliletewa na kaka yake Mazin, afanyaye kazi Maskati.

Baba yao, Mzee Mutasim, hakuupenda mchezo huo hata chembe. Hata hivyo hakutaka kumvunja moyo bintiye, basi akaweka sharti moja mbele ya nyumba nzima: "Siku tiara hiyo itakapopotea, mchezo umekwisha. Hutanunuliwa nyingine, wala hutaazima ya mtu." Mzee Mutasim hakuwa mtu wa kurudi nyuma katika kauli zake. Tangu siku hiyo Zeyana aliitunza tiara ile kama mboni ya jicho, akaikausha kivulini na kuikunja kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka huo mwalimu Nasri, aliyefundisha mchezo huo katika ghuba moja kusini ya Pangani, aliandaa mashindano siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Asubuhi aliwakusanya wachezaji na kuwakagua mmoja mmoja. Kifuani kila mmoja alikuwa na vifungulio viwili. Cha kwanza kikivutwa, tiara huanguka majini, lakini hubaki imeshikwa na kamba fupi. Cha pili hukata hata kamba hiyo.

"Cha kwanza kinaokoa mtu na tiara," Nasri aliwaambia. "Cha pili kinaokoa mtu tu. Leo mwezi kumi na tano, bamvua, maji hujaa na kutoka kwa nguvu kuliko siku zote. Nikipiga kipenga alasiri, maji yamegeuka, tokeni. Maji ya ghuba nzima yatatoka kupitia mlango wa mwamba kule kaskazini, na mtu hapashindi pale."

Zeyana alitazamana na Himyar, mtoto wa ami yake, wakacheka chini chini. Kwao mwezi ulikuwa kumi na sita. Nyumba yao ilisherehekea Idi pamoja na mahujaji. Nasri na jirani zake waliingoja kesho yake, kwa kuwa waliuhesabu mwezi tangu walipouona wenyewe. Jambo hilo halikumgombanisha mtu, maana waliokuwa na marafiki pande zote mbili walikula pilau mara mbili. Lakini watu wa pwani hiyo huyahesabu maji ya bahari kwa mwezi huo huo, na kila siku mpya maji huchelewa kujaa karibu saa nzima. Kwa hesabu ya kina Zeyana, kipenga cha Nasri kingelia mapema mno. Hawakukumbuka kwamba kanuni ya maji iliwekwa na watu waliouona mwezi kwa macho yao, papo hapo ufukweni. Wala hawakuuliza.

Basi upepo wa kusi ukavuma, na raha ikaanza. Zeyana aliruka mara ya kwanza, moyo ukamruka pamoja naye. Aliruka tena, juu zaidi, akaiona ghuba yote chini yake, minazi na umati na kilemba cheupe cha baba yake, aliyedai kuwa amepita tu akielekea kwa jamaa zake. Umati ulipiga vigelegele. Nani angetaka kutoka majini siku kama hiyo?

Kipenga kililia. Nasma, mshindani wao wa karibu, aligeuza ubao akatoka bila kinyongo. Himyar alimpungia Zeyana mkono, naye akampungia, wakaendelea kuruka, na kila walipotua upepo ulikuwa umewasogeza kaskazini.

Zeyana alipotahamaki, ubao ulikuwa ukielekea ufukweni lakini yeye alikuwa akirudi nyuma. Maji yalikuwa yakikimbia kama mto, rangi ya matope, na mbele yake yalichemka kwenye mlango wa mwamba. Alivuta kifungulio cha kwanza, tiara ikaanguka. Kumbe mkondo ulikuwa ukiingoja. Uliikamata na kuipeleka mlangoni, na kamba fupi ikamburuta Zeyana nyuma yake.

Mkono wake ulikwenda kwenye kifungulio cha pili, ukasita. Akikivuta, ameupoteza mchezo wote. Alijiambia angoje kidogo, labda tiara itanasa mahali. Alimeza maji. Goti likagonga mwamba, damu ikatoka, na hapo akamwona Himyar, aliyeishikilia tiara yake kwa nguvu zote, akirushwa juu ya mawe na kupotea katika povu.

Zeyana alilia kwa sauti, akavuta.

Tiara nyekundu iliondoka. Yeye akaogelea kuukata mkondo ubavuni kama alivyofunzwa, hata miguu ikagusa fungu la mchanga, akasimama. Kwa kuwa alikuwa amesimama, boti ya mashine ya waokoaji ilimpita ikamfuata Himyar kwanza. Walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika pawili, tiara yake matambara matupu.

Ufukweni Nasma alitangazwa mshindi, lakini Zeyana hakusikia. Alikwenda hadi mbele ya baba yake, maji yakimchuruzika, akamwamkia.

"Shikamoo, baba. Tiara imepotea."

Mzee Mutasim alilitazama goti lililochanika, akauliza mbona alikawia kuiacha, kwani wote walimwona.

"Nilikumbuka sharti lako."

Mzee aligeuza uso. Mbele yake Himyar alikuwa akipakiwa garini akigugumia kwa maumivu, na ng'ambo ya mwamba kitu chekundu kilikuwa kikididimia. Alivua kilemba chake, akapiga magoti mchangani, akaanza kulifunga goti la bintiye.

"Sharti lile lilikaribia kunizikia mwana," alisema. "Nimelifuta. Goti lako likipona utamwomba Nasri akuazime tiara, nami nitakuwa hapa hapa. Na ile iache iende, mwanangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."